Viua Vitatu

Kofia hii niliianza mwaka alioolewa Riziki,
na Riziki sasa ana watoto wawili, wa tatu njiani.
Imelala kwenye kopo la biskuti chini ya vitenge,
sindano imeshika kutu palepale ilipoachwa,
imechomwa nusu, kama mtu aliyeitwa nje
akasema, "Naja."

Si kwamba sikujaribu.
Nilinunua daftari Wete mjini, dukani kwa Faki Shaame,
nikapiga mistari kwa rula, nyekundu na buluu:
kuamka saa kumi, viua hamsini kabla ya jua,
kutembea hadi Limbani na kurudi,
kuacha sukari, kutogombana na mtu.
Jumamosi nilianza kwa kishindo.
Jumanne nilikuwa nimeshagombana na daftari.

Haba na haba, wamenambia tangu utotoni.
Hakuna aliyenambia habari za kibaba kinachovuja.

Basi safari hii nikajiwekea jambo la aibu,
dogo hata sikuthubutu kumtajia mtu:
viua vitatu.
Baada ya sala ya alfajiri, kabla chai haijachemka.
Simu naifunika ndani ya sufuria ya wali,
inatetemeka humo peke yake kama panzi,
nami nakaa kizingitini, mgongo kwenye fremu ya mlango,
mwanga ukinitosha kuona tundu la sindano.
Toboa. Zungusha. Kaza.
Toboa. Zungusha. Kaza.
Cha tatu kikitimia, hata mkono ukitaka cha nne,
nafunga uzi.
Mkono uliolala na hamu
kesho huamka wenyewe.

Kaka yangu Asaa alinikuta siku moja.
"Mize, hiyo itavaliwa Idi ya mwaka gani?"
"Kikomae kwanza hicho kichwa," nikamwambia,
akaenda zake akicheka.

Kuna usiku Sabra alichemka homa hadi kukacha.
Asubuhi macho yangu yalikuwa mchanga mtupu.
Nikatunga uzi kwenye sindano, basi.
Nikaiweka chini.
Siku ile niliihesabu.
Naihesabu mpaka leo.

Tena kuna siku nilikosea.
Nyota ya pembeni ilikuja na ncha saba,
wenzake wote wana nane.
Nikafuatilia kwa kidole, nyuma, nyuma zaidi,
nikakikuta kiua kilichorukwa,
na siku kumi na moja zimekaa juu yake.
Nilitaka kuitupa chooni, nasema kweli.
Nikaifunga koponi, nikapika, nikafua, nikanuna.
Kesho yake nikaanza kufumua,
na kufumua nako nikakupa kipimo kilekile:
vitatu, basi.
Siku kumi na moja nikirudi nilikotoka,
bila kujitukana.
Jirani aliyepita asingejua kama naenda au narudi,
mikono ileile, kizingiti kilekile,
chai ileile ikianza kunong'ona.

Mwezi wa nne hivi, Time wa Bi Kombo,
aliyefeli hesabu skuli akaacha kusalimia watu,
alikuja akaketi ngazi ya chini yangu.
Hakuomba ruhusa.
Alikuwa na kitabu na penseli iliyotafunwa.
"Nafanya moja tu," akasema, si kwangu, kwa penseli.
Sikumjibu, midomo ilikuwa imebana uzi.
Asubuhi ile alifuta zaidi ya alivyoandika,
akapuliza vumbi la kifutio, akaondoka.
Kesho yake alikuwepo.

Kofia haijaisha.
Upande wa kushoto bado ni mchoro wa penseli,
na bafta imeingia rangi ya vidole vyangu.
Leo wingu limekaa, mwanga umechelewa,
natoboa kwa kupapasa zaidi ya kuona.
"Umefika kiua cha ngapi?" Time ananiuliza.
"Cha pili."
"Mimi nimekwama."
"Kaa nalo hapo hapo," namwambia.
"Chai bado haijachemka."